Siku moja maishani mwangu: fundi cherehani, kisigino kibovu na 21 ya Moshi

Saa 11 alfajiri. Alamu inalia, ila kabla sijaamka mimi naamsha mguu kwanza. Nikiwa bado kitandani nakunja goti, nashika vidole vya mguu wa kulia navivuta kuja kwangu mpaka unyayo unakaza, nahesabu taratibu, naachia, narudia. Kuna utando chini ya unyayo unaanzia kisiginoni unaenda mpaka kwenye mashina ya vidole, huo ndo umeumia. Usiku kucha unakua umejikaza, ukishuka ukaukanyaga ghafla ni kama mbigiri imeingia kisiginoni ikakatikia humohumo. Ndo maana sishuki peku kwenye simenti, raba zinalala chini ya kitanda. Wife anauliza ni mwanaume gani anaenda chooni na raba saa 11, haya bwana.

Maumivu ya hatua ya kwanza leo nayapa tatu kwa kumi. Jana ilikua tano. Hiyo namba ndo bosi wangu siku hizi.

Saa 11 na nusu. Wenzangu wa jogging wanapita na nyimbo zao, mi natoa baiskeli. Barabara ya Arusha, Miyuji, mpaka Msalato na kurudi. Mvua imenyesha juzi kwa hiyo vumbi limetulia, upepo upo, Dodoma upepo upo tu. Baiskeli inanipa pumzi na mapaja bila kisigino kugonga lami, ila sitawadanganya, siipendi, malori yanapita yanakusukumia pembeni na makalio yanauma. Lakini Kili Marathon kule Moshi ni mwishoni mwa Februari na njia ya kilomita 21, ninayoitaka mimi, inapanda kuelekea Mweka, mpando mrefu wa polepole halafu ndo mnashuka kurudi mjini. Kupanda kunavuta msuli wa nyuma ya mguu, na msuli huo ukikaza unavuta kisigino. Yaani nikifika pale na huu mguu haujapona, mlima utaniambia mapema sana.

Saa 2. Nafungua ofisi. Ofisi ni kibaraza, cherehani, meza ya kukatia na pasi ya mkaa. Januari kwa fundi ni sare na mzazi wa Tanzania analeta kitambaa shule zikiwa zimeshafunguliwa halafu anataka kesho. Sketi za marinda ndo zinakula muda, kila rinda unalipima, unalipiga pasi, unalishikiza, halafu mtoto anaenda kulikalia kwenye vumbi.

Sasa cherehani yangu ni ya kukanyaga. Watu wanajua mkimbiaji anaumia barabarani, hawajui pedeli. Kisigino chini, vidole chini, kisigino chini, kutwa nzima, na mazoea yangu mguu wa kulia ndo unasukuma. Mwishoni mwa Desemba kilomita zilipanda, sare nazo zikaanza kuingia, na raba soli yake imekufa, vyote vikakutana kwenye kisigino kimoja. Mtaalamu wa viungo niliyeenda kumuona akaniambia nisiache kazi, nibadilishe mguu wa kusukuma na nisikae muda mrefu bila kunyoosha. Kwa hiyo nimehamishia nguvu kushoto, siku za mwanzo mishono ilikua inaenda kama mlevi, sa hivi imenyooka. Na kabla sijasimama kumpima mteja nainama navuta vidole kwanza. Wanadhani natoa kijiwe kwenye kiatu.

Saa 4. Chai, chapati na ushauri wa bure. Jamaa wa bodaboda anasema ni gauti, acha nyama. Nchi hii kila mguu unaouma ni gauti. Dada wa vocha anasema nikachome sindano nimalize kesi. Ya sindano niliuliza, nikaambiwa inatuliza kweli ila ina hatari ya kuudhoofisha utando mpaka ukachanika, tuanze na njia ndefu kwanza. Kuna bibi kaja kutoka Hombolo na kitambaa cha wajukuu, mbukwenyi, salamu za Kigogo, zikaisha, akaniangalia navyotembea, "mjukuu wangu, mafuta ya kondoo, ukande na maji ya moto." Nikamwambia asante bibi, nitajaribu. Kukanda nakanda kweli, na bibi hajanidai hela ya kumuona daktari.

Saa 7. Ugali na mlenda kwa mama ntilie. Jirani anayeuza barafu za ubuyu ananigandishia chupa ya nusu lita ya maji, naiweka chini ya meza naviringisha unyayo juu yake huku nakula. Leo stori ya kijiweni ni Simbu tena, mkimbiaji wa marathon, Msingida wetu, ile Tokyo 2025, saa 2:09:48 sawasawa na Mjerumani halafu akamzidi kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania mashindano ya dunia ya riadha. Kila mtu kijiweni ni kocha, hata asiyeweza kukimbilia daladala.

Saa 12 jioni. Leo nimeruhusiwa kukimbia. Dakika 20, tambarare, njia ya udongo, raba nyingine za mtumba nilizochagua soko la Sabasaba kwa kuzikunja moja moja (inayokunjika katikati rudisha, inatakiwa ikunjikie kwenye vidole). Dakika za kwanza kinauma kidogo, halafu kinapoa, nasikia mwili unataka kwenda hata saa nzima. Na hapa ndo kisigino kinapowamaliza watu, maana ukiwa wa moto kinanyamaza, unajiona umepona unaongeza kilomita, bili inakuja kesho yake ukishuka kitandani. Mi siamini tena kinachosema jioni. Dakika 20 zimeisha, nimesimama, nimetembea kurudi.

Saa 2 usiku. Ngazi ya mlangoni. Taulo nimelikunja chini ya vidole, mguu mmoja, napanda taratibu, natulia juu, nashuka taratibu kisigino kikipita chini ya ngazi. Inauma kiasi na inaruhusiwa kuuma kiasi, mradi asubuhi isiwe mbaya zaidi. Mwanangu ananihesabia na anaruka namba makusudi.

Saa 3 na nusu. Grupu la WhatsApp wanapanga mbio ndefu ya Jumamosi, kilomita 16. Nimewaandikia nakuja na baiskeli, nabeba maji ya wote. Wamecheka, wamenipa cheo cha ambulensi. Mmoja kaniomba nibebe na kaptula ya mwanae, iko tayari toka juzi. Nimemwambia kaptula inapanda baiskeli hela ikishaingia kwenye simu.