Ngazija: beba euro, adapta na jina la mtu

Wateja wangu wa Moroni, mji mkuu wa Komoro ulioko kisiwa cha Ngazija, wakija Kariakoo hununua kwa marobota: vitenge, madera, mashuka, vyombo vya melamini. Na mimi huwafuata kwao kila nikipata sababu, ikiwa deni, ikiwa harusi. Kila nikirudi simu haipumziki. Nauli? Viza? Bahari ikoje? Nimechoka kurekodi sauti zilezile za WhatsApp, kwa hiyo nayaweka hapa, na atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Kwanza iondoe Zanzibar kichwani. Ngazija hakuna papasi wa kukupokea mkoba, hakuna foleni ya mabasi ya watalii, na hoteli za kueleweka unazihesabu kwa vidole. Wageni wengi utakaopanda nao ndege ni Wangazija wenyewe wanaoishi Ufaransa, hasa Marseille, wanaokwenda kuona wazee wao. Kwa hiyo kabla ya hoteli, tafuta mtu. Mliyesoma naye, shemeji wa jirani, mfanyabiashara uliyewahi kumuuzia. Dar na Unguja zimejaa watu wenye asili ya kule, huwezi kukosa. Ukiwa na jina la mtu na la mji wake, gari litapatikana, chakula kitapatikana, hata wa kukupandisha mlimani atapatikana. Bila jina utalipa zaidi na utaona kidogo.

Kutoka Dar ni saa moja na nusu hivi angani, unashuka Hahaya, kaskazini ya Moroni. Viza mimi hugongewa palepale uwanjani na nalipa kwa euro, kwa hiyo shika noti kamili mkononi, usitegemee chenji. Kadi ya homa ya manjano iwe karibu. Jina, simu na mji wa mwenyeji wako viandike kwenye karatasi, maana fomu ni za Kifaransa na afisa atataka kujua unafikia kwa nani.

Pesa. Hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye euro: euro 1 ni faranga 492 kasoro kidogo, haipandi wala haishuki. Hesabu ya haraka, faranga 1,000 ni kama euro 2. Shilingi yetu kule ni karatasi tu. Dola wataipokea ila watakukata. Mashine za benki ni chache na kadi yako inaweza kukataliwa siku unayoihitaji, kwa hiyo beba euro taslimu, na zisiwe noti kubwa tupu. Za 5, 10 na 20 zinakuokoa kwenye teksi na sokoni.

Adapta nunua hukuhuku. Soketi zao ni za Kifaransa, matundu mawili ya duara, chaja yetu ya miguu mitatu haiingii hata uibembeleze. Beba na pawabenki, kwa sababu umeme unakatika na haurudi kwa ratiba ya mtu. Halafu magari kule yanashika kulia. Ukivuka barabara tazama kushoto kwanza, tofauti na ulivyozoea.

Kuhusu kuelewana: maofisini, benki na kwenye mabango ni Kifaransa. Sokoni Kiswahili kinakufikisha, hasa kwa wazee waliowahi kukaa Unguja na kwa wafanyabiashara wanaokuja Dar. Kijana aliyesomea Kifaransa tupu anaweza akakutabasamia tu. Mimi Kifaransa changu ni cha kuombea risiti, lakini tarakimu nimezikariri zote, mpaka elfu kumi, kwa sababu bei mara nyingi hutajwa kwa Kifaransa hata katikati ya mazungumzo ya Kingazija. Ukijua tarakimu na ukaanza kwa salamu, umeshamaliza nusu ya kazi. Usiingie dukani ukauliza bei kabla ya kusalimia. Watakujibu, lakini utaisikia hiyo bei.

Teksi za Moroni ni za kuchangia. Unasimama pembeni, gari linapunguza mwendo, unataja unakokwenda. Kama si njia yake, dereva anaondoka bila neno. Usikasirike, ndiyo desturi. Nauli ni kwa kichwa. Ukilitaka gari peke yako, sema kabla hujakaa. Gari za vijijini utazipata ukiulizia upande wa soko la Volo Volo, na huko uende asubuhi. Alasiri zinapungua, na kulala mji usiokuwa na mwenyeji si jambo la kupanga.

Sasa maji, na hili naomba mlichukue kwa uzito. Kisiwa hiki hakina mto. Mvua inanyesha kwelikweli, lakini ardhi ni jiwe la volkano lenye vitundu, maji yanazama yote. Nyumba nyingi zinaishi kwa maji ya paa yanayokingwa kwenye matangi ya saruji. Mlima Karthala ulipolipuka Novemba 2005, majivu yalianguka mpaka kwenye matangi hayo na watu wengi wakakosa maji ya kunywa. Ukifikia kwa watu, oga kwa kopo na ndoo hata ukiona bafu lina bomba. Ya kunywa nunua ya chupa.

Karthala yenyewe ina mita 2,361 na bado iko hai. Watu huanza kupanda kutokea vijiji vya juu ya Moroni kama Mvouni, na wengi hulala usiku mmoja juu. Nenda miezi ya kusi, Mei mpaka Oktoba, kumekauka. Wakati wa kaskazi ni joto na mvua. Chukua mtu anayeijua njia, maana ukungu ukishuka huoni mbele. Maji yote unabeba mwenyewe, juu hakuna. Na beba sweta. Mtu wa Dar hukataa kuamini habari ya sweta mpaka usiku uingie.

Julai na Agosti nauli zinapaa na ndege zinajaa, kwa sababu ni msimu wa ndoa kubwa, zile harusi za kimila za kifahari, na walioko Ufaransa wote wanarudi. Mimi bado nakwambia nenda wakati huohuo, kama una wa kukualika. Nenda asubuhi kwa wanawake kabla ya shughuli. Utaona mmoja amekalia kigoda, kipande cha msandali mkononi, anakisugua juu ya jiwe la matumbawe na tone la maji, taratibu, mpaka itoke liwa ya rangi ya chai ya maziwa. Wanapakana usoni huku wanapanga nani atakaa wapi. Nilipewa na mimi. Ikikauka inavuta ngozi, basi kicheko changu chote kikawa cha midomo. Kisha zikaja sinia za wali na nyama, na dhahabu ambayo sitaieleza, mtasema naongeza.

Chakula cha kila siku hakitakuwa kigeni kwako: kisamvu cha nazi, wanaita mataba, mishakiki ya barabarani na ndizi za kukaanga, shelisheli, pilipili ya kusaga. Asubuhi ni mkate mrefu wa Kifaransa. Kamba koche wa vanila anaimbwa sana. Ni mtamu, ila si wa bei ya mishakiki.

Moroni, tembea mitaa ya zamani ya Badjanani mpaka msikiti wa kale wa Ijumaa ulio mbele ya bandari. Ufukwe wa mjini unasikitisha kwa taka, sitawaficha. Bahari nzuri iko kaskazini, Mitsamiouli na Bouni, na upande wa mashariki Chomoni, ambako lava nyeusi imeingia mpaka kwenye mchanga mweupe. Kuogelea vaa kwa heshima.

Visiwa vingine vya Komoro, Mwali na Nzwani, nendeni, kila kimoja kinataka posti yake. Kisiwa jirani cha Mayotte ni habari nyingine: kiko chini ya Ufaransa na viza ya Komoro haikufikishi. Atakayekwambia kuna boti ndogo ya usiku kutoka Nzwani, mkimbie. Watu wengi wamezama katika mkondo ule.

Mzigo wa kurudi: karafuu, mafuta ya mlangilangi, vanila. Vanila nzuri ni nyeusi, imenona, na ukiizungusha kidoleni haivunjiki; ikikatika kama kijiti, rudisha. Faranga zitakazobaki zimalize kabla ya uwanjani. Dar sijapata duka la kuzinunua, labda mniletee mimi niwape wateja wangu, na mimi nitawakata.