Fedha za Wauguzi na Wagombea wa Bunge la Marekani

Kila unapokaribia uchaguzi, wauguzi wenzangu tuliotoka Afrika Mashariki kuja kufanya kazi Marekani huulizana kama tunaruhusiwa kuchangia kamati ya kisiasa ya chama cha wauguzi, ile inayoitwa kwa kifupi PAC, na kama mchango huo una faida yoyote. Swali la kwanza lina jibu fupi: raia anaruhusiwa, na mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu anaruhusiwa vilevile, lakini aliye hapa kwa viza ya kazi au ya masomo haruhusiwi kuchangia mgombea wa ngazi yoyote. La pili halijibiki bila kueleza jinsi fedha hizo zinavyokusanywa na kugawanywa.

Sheria ya shirikisho inakikataza chama cha kitaaluma kuchukua ada za wanachama wake na kumpa mgombea wa Bunge au wa urais. Kwa hiyo chama huanzisha kamati yenye mfuko wake wa pekee, ambao hupokea michango ya hiari tu kutoka kwa wanachama. Chama chenyewe kinaweza kulipia ofisi, mishahara na gharama nyingine za uendeshaji. Mtu mmoja hawezi kuipa kamati zaidi ya dola 5,000 kwa mwaka. Michango yake ikipita dola 200 katika mwaka, jina lake, kazi yake na mwajiri wake huingizwa katika taarifa za Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma, na ni vyema kila anayetaka kuchangia alifahamu hilo mapema. Kamati nayo, ikiwa imesajiliwa kwa miezi 6, imechangiwa na watu zaidi ya 50 na imekwisha kuwapa fedha wagombea 5, inaweza kumpa mgombea dola 5,000 katika mchujo wa ndani ya chama chake cha siasa na 5,000 nyingine katika uchaguzi mkuu.

Madaktari walitutangulia, kwani chama chao kikuu kiliunda kamati yake mwaka 1961. Chama cha wauguzi wa Marekani, ANA, kiliunda ya kwake mwaka 1974, na miaka 10 baadaye kikamuunga mkono hadharani mgombea urais, Walter Mondale, aliyeshindwa na Ronald Reagan.

Kwa sisi tuliokulia mahali ambapo mgombea ndiye anayetarajiwa kuwapa wapiga kura, inashangaza kidogo kuona wapiga kura wakimchangia mgombea. Lakini dola 10,000 hazinunui kura ya mbunge ambaye kampeni yake hugharimu mamilioni. Kinachopatikana ni nafasi ya kusikilizwa, na ndiyo maana fedha nyingi za kamati za taaluma za afya huenda kwa wabunge ambao tayari wako madarakani, wa vyama vyote viwili, hasa wanaokaa katika kamati za Bunge zinazoshughulikia Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa kwa wazee), fedha za kusomesha wauguzi na sheria za afya ya umma. Kabla ya kuamua nani apewe, wadhamini wanaosimamia mfuko wa kamati hutazama jinsi mbunge alivyopiga kura, majibu yake kwa maswali ya chama, na maoni ya wauguzi wa jimbo lake. Mara nyingi muuguzi wa huko huko ndiye anayekwenda kumkabidhi hundi, akapata dakika chache za kumweleza hali ya wodi yenye wagonjwa wengi na wauguzi wachache. Dakika hizo nazithamini kuliko hundi yenyewe.

Hata hivyo, siridhiki na mazoea ya kumpendelea aliye madarakani. Eddie Bernice Johnson wa Texas, muuguzi aliyesajiliwa wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani, alichaguliwa mwaka 1992, na Lauren Underwood wa Illinois mwaka 2018, lakini hadi leo wauguzi bungeni ni wachache mno kwa taaluma yenye watu zaidi ya milioni 4. Muuguzi anayegombea kwa mara ya kwanza huhitaji fedha kabla ya mchujo, wakati hana jina wala wafadhili, na wakati huo ndio kamati nyingi husubiri zione kwanza kama ana nafasi ya kushinda. Najua hoja ya wadhamini, kwamba fedha ni chache na anayeshindwa hapigi kura bungeni. Lakini wauguzi wanaochangia dola 20 kwa mwezi baada ya zamu ya saa 12 wana haki ya kuwaona wenzao wakipewa nafasi mapema. Nimewaandikia wadhamini wa kamati ninayoichangia nikiomba watenge sehemu ya mfuko kwa wauguzi walio katika mchujo, na ninawaomba wenzangu wanaochangia wafanye hivyo kabla orodha ya wagombea wa mwaka huu wa uchaguzi haijapitishwa.