Dredi mbili ndani ya leso

Mama yule aliingia na binti yake, akaketi kwenye kiti cha mbele ya kioo na kufungua leso aliyoikunja vizuri. Ndani mlikuwa na dredi mbili ndefu, zimekatika upande wa kichwani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza bila kuzunguka: "Mwanangu, hizi zinarudi au hazirudi?"

Kwa msusi mwingine alikuwa ameambiwa anyoe zote aanze upya. Alipolisema hilo sauti ilimbadilika, na binti yake akamshika bega. Mimi mwenyewe nina dredi, nikaelewa. Nywele za kichwani huota kama sentimita moja hadi moja na robo kwa mwezi, na ndani ya dredi hazilali zimenyooka, zimejikunja, hivyo urefu unaoonekana ni mdogo kuliko urefu uliokwisha kuota. Dredi zake zilikuwa zinafika katikati ya mgongo. Karibu na ngozi zilikuwa na mvi tupu, katikati zimechanganyika, nchani nyeusi ti. Ukizifuata kwa vidole kutoka chini kwenda juu unausoma umri wake wote wa utu uzima. Kumwambia mtu kama huyo anyoe, kabla hata hujatafuta chanzo, ni kazi ya haraka mno.

Sikugusa kwanza sindano ya krosheti, ile yenye ndoano nchani. Nilimwomba ainamishe kichwa chini ya taa, nikaanza kuachanisha mizizi kwa vidole, kutoka kisogoni kuja mbele. Kisogoni hapakuwa na shida. Utosini napo mashina yalikuwa na nguvu. Tatizo lilikuwa kwenye paji la uso na juu ya masikio: mashina yamekonda kama utambi wa taa, na yanabeba dredi zenye unene wa kidole.

Nilimuuliza anazisokota kila baada ya muda gani. "Kila wiki," akasema, kwa fahari kidogo. Kila wiki kwa jeli, tena kwa kukaza, halafu zinavutwa nyuma na kufungwa fundo moja juu kwa mpira. Siku ya kwanza na ya pili kichwa kinauma, akalala kwa dawa ya maumivu. Vipele vidogo vyeupe vilikuwa vinamtokea kwenye paji, akavizoea.

Hapo ndipo nilipomweleza jambo ambalo natamani kila mwenye dredi angelielewa. Mtu hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, ni kawaida, wala si ugonjwa. Aliye na nywele za kuchana anaziona kwenye kitana. Mwenye dredi hazioni, kwa sababu zinabaki ndani, na hizo ndizo zinazoijaza dredi ikawa nene na ngumu. Sasa basi, mwili wa dredi unaundwa na nywele zenye mizizi pamoja na zilizokwisha kung'oka, lakini shina linashikwa na zile zenye mizizi peke yake. Ukisokota kwa kukaza kila wiki, unang'oa chache kila mara. Dredi inazidi kuwa nzito huku kinachoishikilia kinazidi kupungua. Haikatiki siku uliyoivuta, inakatika miezi mingi baadaye, ukiwa umejifuta uso tu kwa taulo. Kwake ilitokea hivyo hasa: ya pili ilimbakia mkononi akiwa anavaa kitenge kichwani.

Niliikagua ngozi kwa makini zaidi kuliko nywele. Pale ambapo ngozi imekuwa laini, inang'aa, na vitundu vya vinyweleo havionekani tena, sindano haina la kufanya, na huyo namwelekeza kwa daktari wa ngozi. Kwake vitundu vilionekana, na vinywele vifupi vimeanza kusimama. Nikamwambia. Akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

Binti, ambaye alikuwa kimya muda wote, akauliza: "Na mimi je, dada? Nilikuja kuanza leo." Nilimtazama nywele. Alikuwa amechukua za baba yake: nywele za singa, zenye mawimbi, laini, zinateleza vidoleni. Mama yake ana za kipilipili. Nikamwambia asubiri, siku ni ndefu, na kazi yake nitampa.

Tulianza kwa kuosha. Nilipozikamua zile za nyuma, maji yalitoka meupe kama yamechanganywa na unga, na kwa mbali pakatokea harufu ya kitu kilichohifadhiwa kikiwa kibichi. Jeli ya miaka ilikuwa imeganda ndani, na alikuwa na desturi ya kuosha jioni na kulala nazo mbichi. Dredi nene hunyonya maji mengi, hukauka nje upesi na ndani ikabaki na unyevu hadi kesho yake. Ukungu ukishaota kwenye kiini, hautoki kwa sabuni, na wakati mwingine ukiikata dredi unaona katikati pamekuwa peusi. Niliipasua moja kidogo kwa ncha ya sindano, nikaona kiini ni cha kijivu tu. Ni mabaki ya jeli na nta, si ukungu. Tukaloweka katika maji ya uvuguvugu yenye bikaboneti ya soda kiasi kidogo, tukasuuza sana, tukamalizia kwa siki ya tufaha iliyozimuliwa. Hilo silifanyi mara kwa mara. Ngozi ya kichwa ina uasidi kidogo, na soda ni kinyume chake, ukizoea kuitumia nywele zinakauka na kuvunjika. Kisha kukamua kwa taulo, dredi moja moja, na kukausha hadi nilipoibana katikati nikahisi joto bila ubaridi wa maji.

Halafu zile mbili za kwenye leso.

Moja ilikuwa ya utosini, na kichwani iliacha kisiki cha kama sentimita 5, chenye mzizi mzima. Hiyo inarudi. Nilifumua ncha ya kisiki, nikazitawanya nywele zake, nikafanya vivyo hivyo kwenye kichwa cha ile iliyokatika, nikaziingiza zikapishana. Baadaye sindano ya krosheti, nyembamba ya milimita 0.75, inaingia na kutoka, huku naizungusha dredi ili nichome kila upande. Kuchoma upande mmoja tu hutoa kiungo bapa kinachopinda. Mkono lazima uwe mwepesi: ndoano ikinasa nywele ukaivuta kwa nguvu, unakata zilezile unazotaka zishikane. Nilipomaliza nilipitisha mishono michache ya uzi mweusi, ubaki hapo mpaka kiungo kijifunge chenyewe. Akakivuta taratibu kujaribu. Akakivuta tena. Akacheka.

Ya pili ilikuwa ya juu ya sikio, na ilikatika palepale kwenye ngozi. Vinywele vilivyobaki havikufika sentimita moja. "Iunganishe na jirani yake," akasema. Jirani yake alikuwa ndiye mdhaifu kuliko wote. "Basi gundi." Nikakataa.

"Mwanangu, nimekaa nayo tangu huyu hajazaliwa."

"Najua, mama. Nikiibandika hapo itaondoka na hizi zingine mbili."

Hakunijibu. Sikutaka kumharakisha, nikaenda kuosha sindano ambazo tayari zilikuwa safi. Niliporudi nilimwambia kuna njia nyingine: tuifumue, nywele zake zitumike kuziba dredi za nyuma, zile zenye mizizi imara ambazo katikati zimebonyea. Zitakuwa nywele zake mwenyewe, za rangi yake, na zitabaki kichwani mwake. Aliifikiria sana. Akamkabidhi binti.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya binti, na ilimchukua sehemu kubwa ya mchana. Wengi wanaamini dredi iliyokomaa haifumuki, lazima ikatwe. Inafumuka, ukiwa na subira: unailainisha kwa maji na losheni ya nywele inayoteleza, unaanza nchani, wala si juu, unachokonoa kwa sindano butu vinywele vichache kwa wakati mmoja. Nyingi zinatoka fupi. Ndefu tulizipanga kando. Mahali pembamba nilipofikia, nilizungushia fungu dogo, nikalichoma na krosheti hadi likazama, nikabingirisha kwa viganja. Nilitia kidogo kuliko alivyotaka, maana dredi inayotiwa nyama nyingi katikati inakuwa na nundu.

Kwenye paji niliunganisha zile dhaifu mbilimbili. Wengine husokota mbili pamoja kama kamba na kuziacha, baada ya miezi bado unaziona ni mbili. Mimi naziweka ubavu kwa ubavu, naanzia karibu na ngozi, nahamisha nywele za hii kuingia ile na za ile kuingia hii, mpaka chini, ili shina jipya lishikwe na mizizi ya zote. Kisha nikamwomba jambo gumu: tupunguze shibiri moja kwenye zile za mbele, uzito ushuke. Alijitazama kwenye kioo. "Kata," akasema, "lakini anza na ya upande huu ambao siuoni vizuri."

Binti alipopanda kitini jua lilikuwa limeshapinda. Mama alitaka asokotwe kwa kitana, kama alivyoanza yeye. Kwa nywele za kipilipili hiyo ni njia nzuri: unywele wake ni bapa kiasi na umejipinda wenyewe, ukiusokota unabaki hapo, na miezi michache baadaye unaona kijivimbe kigumu katikati, dredi imeanza. Unywele wa singa ni wa mviringo zaidi na haujipindi sana. Ukiusokota, mara ya kwanza kuoshwa unafunguka wote. Aliuliza pia kuhusu ile njia ya kupitisha ncha ndani ya mzizi. Naitumia kwa watu wanaotoka sana jasho au wanaoogelea, lakini kwa nywele za kuteleza hutengeneza vitanzi vinavyolegea, na mtu akirudia kupitisha upande uleule, mzizi unapasuka katikati na kuacha tundu.

Tukachana kinyume. Vigawanyo vya nywele vya karibu sentimita mbili na nusu kila upande, vikubwa kuliko vya mama yake, kwa sababu nywele laini zikifungwa hunywea sana. Vimepangwa kama ukuta wa matofali ili ngozi isionekane mistari. Unashika fungu, unachana kutoka katikati kurudi kwenye mzizi, kidogo kidogo, hadi zijazane, kisha krosheti inaingiza zile zilizobaki nje. Mama yake alisimama kando akinishikia ncha, na baada ya muda alikuwa ananyosha mkono kabla sijaomba.

"Nta hutii?" aliniuliza. Hapana. Nta haiyeyuki kwa maji, inabaki ndani na kukusanya vumbi na nyuzinyuzi za nguo, na alikuwa ameshayaona maji yake mwenyewe asubuhi. Binti naye alikuwa ameambiwa asioshe kwa miezi mitatu, eti nywele chafu ndizo zinazojifunga. Sipendi kabisa maneno hayo, yamewachukiza watu wengi dredi bure. Mafuta ya kichwani ndiyo yanayofanya nywele ziteleze. Nywele safi na kavu ndizo zinazokamatana, za singa kuliko zote. Nikamwambia asubiri kama wiki mbili, kisha aoshe kila wiki kwa shampuu isiyoacha mabaki, bila losheni ya kulainisha, na baada ya kuosha aachanishe mizizi kwa vidole. Nilimwambia pia ukweli ambao wengi hawaambiwi siku ya kwanza: kwamba zitafupika, zitatoa vitanzi na kuvimba ovyo, mizizi itakuwa imelegea muda wote, na kichwa hakitatulia kabla ya mwaka kupita, huenda zaidi. Hakuonekana kushtuka.

Mama akauliza arudi lini. Nikasema asiguse mizizi ya mbele kwa wiki nane, asifunge fundo, alale zimekauka.

"Wiki nane? Watu watadhani sijitunzi."

"Waache wadhani, mama."

Alirudi baada ya muda huo, nami nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Kiungo cha utosini kilikuwa kimekaza, nikautoa uzi. Vinywele vya juu ya masikio vilikuwa vimefika karibu sentimita mbili, vyeupe, vimesimama kila upande, na vile vipele vya paji havikuwepo. Binti zilikuwa zimemvimba kama nilivyosema. Za mbele mbili zilikuwa zimefunguka nusu, nikazifunga upya. Za kisogoni ndizo zilizonipa kazi: tatu zilikuwa zimeshikana kwenye mzizi kwa sababu hakuziachanisha baada ya kuosha. Alitaka ziachwe ziwe moja kubwa. Nilikuwa nataka kumkubalia, maana ni nywele zake, ila mama yake alikuwa ameshavuta kiti, ameketi nyuma yake na anaziachanisha kwa vidole taratibu, moja baada ya nyingine, akimwambia atulize shingo.