Vitumbua 80 kila asubuhi kutoka chumba na sebule

Biashara ya chakula ya nyumbani huliwa na nyumba yenyewe. Sukari ya vitumbua inaingia kwenye chai ya jioni, mafuta yanaunga mboga, kisha mwisho wa wiki mtu anasema vitumbua havilipi. Vimelipa, ila vimeliwa. Ninapanga chumba na sebule Mbagala, uwani tunatumia wapangaji wote, na nafasi ya biashara nimeipata kwa kuichukulia kama mpangaji mwenzetu: ina vyombo vyake, saa zake na hela zake.

Vyombo vinakaa chini ya meza ya sebule: ndoo mbili zenye mifuniko ya kubana, ya mchele na ya sukari, na dumu la mafuta nililolichora mistari ya peni kila nusu lita. Kilo 2 za mchele hutumia karibu nusu lita ya mafuta, kwa hiyo mstari ukishuka bila kuchoma, najua yamekwenda wapi. Nyumba ikiishiwa sukari inanunua dukani. Vitumbua vinavyoliwa na familia navyo vinalipiwa kwenye kopo la biashara, bei ileile ya mteja.

Mchele wa chenga unatosha, kwa kuwa utasagwa. Nauloweka saa 4 asubuhi, nikisharudi kuuza, na kwa joto la Dar namwaga maji na kuweka mengine saa 9 alasiri ili usinuke. Kusaga ni saa 1 usiku, kamwe si alfajiri: umeme ukikatika alfajiri, siku imeharibika, ukikatika usiku, kuna muda wa kusubiri. Kwa kilo 2 natumia tui zito la nazi 3, sukari nusu kilo, iliki iliyotwangwa vijiko 2 vya chai na chumvi kidogo. Tui kikombe kimoja nalibakiza kwenye friji kwa ajili ya alfajiri.

Blenda ya nyumbani haikutengenezwa kwa kazi hii, kwa hiyo ibembeleze. Vikombe 2 vya mchele kwa mkupuo, dakika 2, kisha ipumzike. Ukisikia harufu ya kuungua, mota imezidiwa. Mara nyingi ni kwa sababu tui lilikuwa kidogo. Sugua uji kati ya vidole: ukihisi chengachenga, rudisha. Uzito unaofaa ni wa maziwa mgando yaliyokorogwa. Ukiwa mwepesi, kitumbua kinanyonya mafuta na kulala bapa. Ukiwa mzito, nje kinaiva na ndani kinabaki kibichi.

Uji huu haujatiwa hamira, ndiyo maana unaingia kwenye ndoo ndogo ya lita 5 na friji inabaki na nafasi ya chakula cha nyumbani. Ukitia hamira usiku utaumuka, utafurika kwenye rafu, na asubuhi utakuwa mchachu.

Saa 10 alfajiri nautoa na kuisimamisha ndoo ndani ya beseni la maji ya moto, nikikoroga kwa dakika 20. Usiruke hatua hii. Hamira kwenye uji wa baridi hailali tu, inakudanganya uongeze nyingine, na vitumbua vinatoka na harufu ya hamira. Ubaridi ukishaisha namimina kwenye beseni la lita 10, natia kijiko kimoja cha chakula cha hamira ya chenga iliyokorogwa kwenye lile tui la akiba, likiwa vuguvugu. Likiwa la moto linaua hamira. Nafunika mpaka saa 11 na robo.

Nachoma kwa vyuma viwili vya mashimo 7, majiko mawili ya mkaa. Chuma kipya kipashe na mafuta mara kadhaa na usihesabu vitumbua vya mwanzo, vitashika tu. Baadaye usikisugue kwa stilwaya. Kipanguse, maana ule weusi laini ndio unaofanya kitumbua kibanduke. Kila shimo kijiko cha chai cha mafuta, subiri yapate moto, jaza robo tatu. Moto ukizidi, funika makaa kwa jivu. Mikupuo 6 hivi, kila mmoja dakika 6 au 7, na kabla ya saa 12 nimemaliza, majiko yako pembeni, watoto ndiyo wanaamka. Mtoto na mafuta ya moto visikutane uwani hata siku moja. Chai yao iko kwenye chupa tangu usiku, na sare zimepigwa pasi.

Mvua ikinyesha nachoma barazani. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata kwa dakika chache; hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, na inaua.

Luku ni ya pamoja, na hapo ndipo ugomvi wa wapangaji huanzia. Nilipiga hesabu mbele yao: blenda ya wati 500 ikisaga dakika 15 inakula sehemu moja ya nane ya uniti. Mlaji ni friji, linalofanya kazi mchana na usiku. Kwa hiyo mchango wangu ni mkubwa kuliko wa chumba kisicho na friji, na unatoka kwenye kopo la biashara, pamoja na mkaa na maji. Hela za wateja wanaolipa kwa simu zinaingia laini ya biashara peke yake.

Ramadhani ratiba inageuka. Wateja wanataka vitumbua vya futari, hivyo nasaga saa 5 asubuhi na kuchoma kuanzia saa 9 alasiri. Kwa jua la wakati huo napunguza hamira iwe nusu kijiko, na uji ukianza kutoa mapovu tu, naweka chuma motoni.