Madume Kwenye Beseni

Mwaka 2015 ndio mwaka ambao baba alininyang'anya bomba la dawa, na wala hakunionea.

Shamba letu liko Ngarenanyuki, wilayani Arumeru, upande wa Mlima Meru unaotazamana na Kilimanjaro. Kwetu nyanya ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba. Zamu yako ya mfereji ikiangukia saa nane usiku, unaamka saa nane usiku. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yakaja vile yalivyokuja, na baba akanikabidhi ekari moja "uone hela inavyotafutwa."

Miche ilishika vizuri. Wiki ya tano tangu niihamishe kitaluni nikaanza kuona mabaka ya kahawia, majani kama yamebabuliwa na moto. Nikasema hii ni bakajani. Ilikuwa Juni, baridi kali na umande hadi saa nne asubuhi, ukungu ungekosaje? Nikapiga dawa ya ukungu, nikarudia, nikarudia tena. Mabaka yakaendelea na safari yake.

Mama ndiye aliyegundua. Alikuwa pembezoni mwa shamba anachuma mnavu wa mboga, akaniita: "Hebu njoo. Huu mnavu nao umeambukizwa ugonjwa wako." Akalichana jani pale penye baka. Ngozi ya juu ikabanduka kama ya lengelenge, na ndani, katikati ya ngozi mbili za jani, kifunza cha kijani kimejilaza kwenye kinyesi chake cheusi. Mama akaimwaga mboga yote. Usiku ule tulikula ugali kwa maharage.

Kantangaze! Jina tulikuwa nalo tangu mwaka uliotangulia, alipoonekana nchini kwa mara ya kwanza, tena huku huku Arumeru. Wataalamu humwita Tuta absoluta, nondo mdogo mzaliwa wa Amerika ya Kusini aliyeingia Hispania mwaka 2006 kisha akateremka Afrika. Vijiweni kwetu walisema maana yake ni "kanitangaze": akishapita kwako, kazi inayobaki ni kwenda kumtangaza.

Nilikimbilia duka la pembejeo. Muuzaji hakuuliza hata swali moja, akanipangia chupa tatu juu ya kaunta: changanya zote, piga kila baada ya siku nne. Nikachanganya. Napiga saa sita jua la utosi, kwa juu juu, ili niwahi mpira jioni. Harufu ile ilinikaa kooni, na kichwa kilikuwa kinaniuma mpaka usiku. Kuku wa mama wawili walikufa, sikusema kitu.

Bwana shamba alipokuja na pikipiki yake, aliomba kwanza kuona chupa. Akageuza lebo, akasoma maandishi madogo. "Kijana, hii na hii ni dawa moja. Wamebadilisha jina na rangi ya kifuniko tu. Umemzoesha mdudu." Halafu akafukua udongo kwa kidole chini ya mche, akanionyesha buu la kahawia. Kumbe wakati mimi nayaogesha majani, wengine walikuwa ndani ya jani na wengine wamelala ardhini wanasubiri kuota mbawa.

Alituachia mtego: beseni la maji yenye sabuni ya unga kidogo, juu yake kimpira kilichofungwa kwa waya, chenye harufu kama ya nondo jike. Tuliutega magharibi.

Asubuhi sikuyaona maji. Beseni lote lilikuwa la kijivu. Nilihesabu nondo hadi 200, nikachoka, nikatimka mbio nyumbani. "Baba, tumewamaliza!" Baba alikuja na kikombe chake cha chai mkononi, akatazama, akatabasamu. Sikumbuki tabasamu lingine msimu ule.

Bwana shamba tulimpigia simu, tukaweka sauti ya nje ili wote wasikie. Akacheka kidogo, si kwa dharau. "Hao ni madume, mzee wangu. Jike hafuati harufu ya jike mwenzake. Na jike mmoja anaweza kutaga mayai 260. Hilo beseni linawahesabia tu, mjue mna wangapi. Kwa idadi hiyo, mngeanza zamani."

Baba akaimwaga chai iliyobaki.

Tuling'oa. Siku mbili nilichimba shimo, tukazika miche na matunda yake, maana zamani tulikuwa tunayatupa kandokando ya mfereji na kuwafuga wadudu bila kujua. Mnavu nao tukaung'oa, mama akiusikitikia kuliko nyanya. Ekari nzima ilitoa matenga 11. Wiki hiyohiyo dalali wa soko la Kilombero, Arusha, alipiga simu kutaja bei ambayo sijawahi kuisikia, kwa sababu majirani nao walikuwa wanazika.

Zilibaki nyanya chache zenye tundu karibu na kikonyo. Mama alizikata upande mzima, akatengeneza kachumbari. Tulipomaliza kula, baba alichukua bomba, akalisuuza mara tatu, akalitundika. Hakulitundika stoo. Alilitundika chumbani kwake, kwenye msumari wa koti lake la kanisani.