Sado ya mchele, Desemba 2022

Juzi Neema, akiwa anafanya kazi yake ya hesabu mezani, aliniona nikiandika bei ya maharage kwenye daftari akaniuliza kwa nini naandika bei ambayo nimekwisha kuilipa. Nilimjibu kwa kifupi ili arudi kwenye hesabu zake, lakini usiku ule mawazo yangu yalirudi soko la Tandale, hapa Dar es Salaam.

Daftari lilianzishwa na mama alipokuja kukaa nasi Sinza, wakati Baba Neema hana kazi. Kila tulichonunua kiliandikwa bei, tarehe na mahali, na kwa njia hiyo tulijua kwamba vitunguu tuvifuate Mabibo na dagaa tusinunue katikati ya mwezi. Mwaka 2022 mchele ulipanda mfululizo. Mvua zilikuwa haba, na wafanyabiashara wa Tandale walisema wanunuzi wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaufuata hukohuko mashambani. Hata hivyo, daftari lilionyesha sado, yaani kopo la rangi la lita 4 linalotumika kupimia nafaka, shilingi 10,000 Novemba na shilingi 10,000 Desemba, ilhali mchele wa Desemba ulikuwa ukiisha mapema, na walaji ni walewale.

Mama akaniambia twende pamoja. Dada tuliyezoea kununua kwake alichota mchele kwa lile kopo, akapitisha kiganja juu ya ukingo mpaka ukawa sawa kabisa, na punje chache zikarudi guniani. Nakumbuka kile kiganja kuliko kitu kingine chochote cha siku ile, kwa sababu miezi ya nyuma mkono huohuo ulikuwa ukirundika mchele juu ya ukingo mpaka unamwagika.

“Mwanangu, naomba uniwekee hiyo kwenye mizani,” mama alisema.

“Mama, mbona sado sijapandisha?”

“Najua hujapandisha. Ndiyo maana naomba.”

Mizani ilisoma kilo 3.2. Mama akamwomba achote nyingine na kuijaza kama zamani; ikafika kilo 3.6. Hapo hesabu ilijieleza yenyewe: kilo iliyokuwa ikitugharimu chini kidogo ya shilingi 2,800 sasa ilikuwa shilingi 3,125, na bei iliyotamkwa haikubadilika hata senti. Yule dada hakukasirika wala hakuficha neno. Alisema gunia limepanda huko anakonunua, na kwamba akitamka 11,000 mteja anapita kwenda kwa jirani, kwa hiyo ameacha bei ilivyo na kuondoa nyongeza. Mama alilipia sado ileile ya kilo 3.2, akamshukuru, kisha akamuuliza mchele utashuka lini. “Subirini Mbarali wavune, mwezi wa sita hivi,” alijibu, akimaanisha wakulima wa mpunga wa huko Mbeya.

Tangu siku hiyo daftari lina safu ya uzito, na bei zote zinageuzwa kuwa za kilo kabla ya kulinganishwa. Mavuno yalipofika tulichanga na majirani tukanunua gunia, tukaligawana kwa mizani barazani, na hadi leo hakuna njia nyingine iliyotupunguzia gharama za jikoni kama hiyo. Ningemshauri kila mwenye familia aijaribu.

Jambo moja tu linanisumbua. Ushauri uliotuokoa tulipewa na mtu ambaye anaishi kwa kuuza sado mojamoja, na kadiri majirani wanavyojiunga na mchango wetu ndivyo anavyopoteza wateja ambao Desemba ile alikuwa akijitahidi wasimkimbie. Maharage bado nanunua kwake, hata yanapokuwa nafuu kidogo Mabibo. Mama anasema daftari halina safu ya jambo hilo. Mimi naona lingepaswa kuwa nayo, ingawa sijajua ningeandika nini ndani yake.