Baba mdogo anaimba mchana

Sijatia hata mguu chini, kijana wa makasia ameshaniangalia viatu, halafu uso. "Patron, tukupeleke mu ziwa? Dola kumi na tano, nyimbo iko ndani."

Nikacheka. Mimi mtoto wa Idjwi, kisiwa cha ziwa Kivu huku Kongo, niliyeogeshwa katika ziwa hili kabla sijajua kutembea, natajiwa bei ya kupanda mtumbwi! Nyuma yake sauti ikaitikia: "Huyo ni mutoto ya kaka yangu. Mumufanyie kumi."

Ndiye baba mdogo. Hatukuwa tumeonana tangu 2010 nilipokwenda Ubelgiji, na hiyo ilikuwa Agosti 2024.

Mnaotoka kwetu mnaijua ile mitumbwi mitatu ya kuvua usiku, iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa juu, wavu katikati. Mnajua pia kwamba nyimbo zile hazikuwa mapambo. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na kila itikio ni kasia moja. Wimbo ukilegea, mtumbwi unazubaa. Alfajiri bibi alikuwa anazisikia kabla sisi hatujaona kitu, anachukua beseni, anasema, "Leo wamechoka, wamejaza." Hakuwahi kukosea, au labda siku alizokosea nimezisahau.

Basi nikapanda. Ilikuwa wiki ya mwezi mpevu. Zamani wiki hiyo wavuvi walikaa nyumbani, maana mwezi ukiwaka sambaza, wale dagaa wetu, hawaifuati taa. Wanaume walishona nyavu na kunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Safari hii niliikuta ndiyo wiki ya kazi, kwa sababu wageni waliotoka Goma na Bukavu wikendi walipenda kupiga picha za mwezi. Nilikaa na wageni wawili wa shirika fulani, watu wazuri tu, walionipa biskuti. Tulikalia kitu laini. Nikapapasa chini: wavu, umekunjwa vizuri, umefunikwa kitenge.

Baba mdogo akaanzisha. Sauti ileile, mwili ukanisisimka, kidogo nilie. Kisha nikatazama makasia. Yalikuwa yanapanda na kushuka hewani bila kugusa maji. Nyuma kulikuwa na injini, na ndiyo iliyotusukuma muda wote.

Mgeni mmoja akainua simu. Akaomba warudie, jua lilikuwa limeipiga kamera. Baba mdogo akarudia. Akaomba tena, safari hii watabasamu. Hapo nikacheka, wote tukacheka, na baba mdogo akatabasamu kama alivyoambiwa. Nimeishi miaka 14 kwa watu, nimetabasamu kwa wateja mpaka mashavu yakauma, lakini tabasamu lile sikuwahi kumwona nalo. Mzee huyu alinichapa kwa kamba ya wavu nilipoanzisha wimbo mbali na maji. Alisema kuimba bure kunachosha mikono.

Nilipomkumbusha, alijibu: "Sasa haiko bure. Iko dola kumi na tano."

Sitaki mnione mjinga anayetaka ndugu zake wabaki maskini ili yeye apate kumbukumbu nzuri. Sambaza wenyewe ni wageni, waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwaka 1959, na wametulisha. Na lile shamba la bibi pale juu ya ziwa, la kahawa na mananasi, ambapo sasa kuna vibanda vitano vya kulaza wageni, liliuzwa nami nikiwa nimekubali. Waliniuliza kwa simu, nikasema uzeni, sehemu yangu ikanilipia kodi ya nyumba ya miezi mitatu Liège. Kwa hiyo ukuta unaokata njia ya kwenda majini, njia ya mabeseni yetu, matofali yake mengine ni yangu.

Nililala hapohapo, mjinga mimi, kwa kulipa. Asubuhi wanakuletea kahawa ya kisiwa barazani. Ndiyo kahawa iliyovushwa kwa magendo usiku kwenda Rwanda kwa mitumbwi, na tunazijua nyumba ambazo baba hakurudi. Mhudumu anakusimulia waliozama, vizuri sana, halafu anauliza kama unataka sukari.

Unayefikiria kurudi, nisikilize. Panda boti ya mizigo, ile ya kasi inakushusha ukiwa bado Mzungu. Viatu vyako viache Bukavu. Usiongee Kiswahili cha redio gatini, bei inapanda neno kwa neno. Na fikia kwa ndugu, hata kama utalala na mbuzi. Mimi niliogopa mbu, nikalipia chumba juu ya kaburi la minanasi yetu.

Usiku wa pili nilikula kwa baba mdogo. Bugali moto, sombe ya majani ya muhogo, na samaki. Nikamega, nikanusa, nikamega tena. Ni samaki wa barafu, wa bahari ya mbali, aliyekuja na boti kutoka Bukavu. Mama mdogo akaona ninavyomgeuza. "Sambaza tunapelekea wageni," akasema, "kula tu, mutoto."

Baba mdogo hakula sana. Alikunywa tangawizi ya moto kwa kikombe, polepole, akasema kesho ana watu sita na koo linakwaruza. Saa mbili, saa ambayo zamani alikuwa anawasha taa, akaenda kulala.